Baiskeli Zisizobeba Kitu

Katika miaka ya kwanza ya uhuru, baiskeli huko Bukoba ilikuwa mnyama wa mizigo. Ilibeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni na magunia ya kahawa kwenda chama cha ushirika. Ilibeba mgonjwa kwenda hospitali na bibi harusi kwenda kanisani. Kwa hiyo siku Aristides Mwijage alipoingia dukani kwa Mahendra, pale mjini, kuchagua baiskeli yake, Mahendra alimuuliza kwanza atakuwa akibeba nini, ili amfungie keria inayofaa. Aristides akajibu kwamba hatabeba kitu.

"Hata mke?"

"Bado sina."

"Basi wewe ni tajiri au una wazimu," alisema Mahendra, "na matajiri wa mji huu nawajua wote."

Siku za kazi Aristides alikuwa msaidizi katika kituo cha utafiti wa kahawa na migomba pale Maruku. Kazi ilimpeleka kwenye vibanja vya watu, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kuangalia majani yaliyougua, na katika kwenda na kurudi huko akapata tabia ya kusimama. Alisimama pale kibanja kinapokwisha na rweya inapoanza, yale majani matupu yaliyolala juu ya migongo ya vilima, ambako upepo hupita bila kuulizwa na mtu. Alitazama mpaka jasho likamkauka. Baadaye akaona kwamba kutazama peke yake ni uchoyo, ndipo akaanza kuwapangia wenzake safari.

Alizipanga kama mshonaji anavyopanga kitambaa kabla ya kukikata. Alipita njia yote peke yake kwanza, akionja kila mwinuko kwa miguu yake. Alijua chemchemi ipi ina maji matamu na ipi ina ruba. Alijua saa ambayo ukungu huinuka kutoka kwenye mafunjo ya bondeni, na akapanga watu wafike ukingoni wakati ule ule unapoinuka, mto ukiwa ndio kwanza unafunuliwa kidogo kidogo, kama uso wa mtu anayeamka. Hakuwa na shaka na njia zake. Akikuambia kwamba baada ya kona ile utasahau uchovu, ulikuwa unasahau.

Wafuasi wake hawakuwa wengi. Alikuwapo Clavery, fundi cherehani wa Maruku, mtu wa maneno mengi na pumzi chache. Walikuwapo wenzake wawili wa kituoni. Na alikuwapo Benigna, mwalimu wa shule ya msingi Izigo, aliyeendesha baiskeli ya kike ya rangi ya kijani na kuwaacha wanaume wote nyuma kwenye mwinuko. Balozi wa nyumba kumi aliwahi kumuuliza Aristides, mwaka ule wa Azimio la Arusha, safari hizi za kutazama majani zinajenga taifa gani. Clavery akashauri wafunge bendera ya TANU kwenye usukani ili wasiulizwe tena. Aristides akakataa. Alimwambia balozi wazi kwamba wanakwenda kuitazama nchi yao, kwa kuwa sasa ni yao.

Safari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya Kamachumu. Ilitoka Maruku ikashuka bondeni, ikafuata mto kwa mwendo wa asubuhi nzima, kisha ikapanda ukingo mkali mpaka juu, ambako kijia chembamba kilipenya katikati ya kibanja cha Ma Felicitas, bibi yake Benigna, mzaa baba. Hapakuwa na njia nyingine ya baiskeli. Ukipita ua wa bibi huyo ukageuka nyuma, bonde lote lilikuwa miguuni pako. Kutoka hapo waliteremkia Izigo na kurudi kwa barabara ya kandokando ya ziwa. Aristides alikusudia kuifanya safari hiyo siku ya Sabasaba, na walimu wa Izigo na watumishi wa Maruku walikuwa wamekwisha kujiandikisha, watu ambao hawajawahi kupanda baiskeli bila mkungu nyuma yao. Kwanza, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, akawachukua wale wanne wa siku zote kuijaribu.

Kwa kuwa wangepita nyumbani kwa mtu mzima, aliwataka wavae vizuri. Clavery akavaa koti lake jeusi la kanisani. Benigna akajifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Mwinuko uliwakausha koo. Wakashuka wakasukuma baiskeli, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, bila hata mmoja kuwa na pumzi ya kusema neno. Hivyo ndivyo walivyotokea uani kwa Ma Felicitas: watu waliovaa vizuri siku isiyo ya ibada, kimya, keria zote tupu, na mbele yao mjukuu wake, macho mekundu kwa vumbi na jasho.

Ma Felicitas alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Mwanawe pekee, Nathanieli, baba yake Benigna, alikuwa akifanya kazi bandarini Mwanza. Katika nchi ile, habari ya kifo ndiyo iliyokuja kwa baiskeli nyingi zisizobeba kitu, na walioileta hawakusalimu kwanza. Bibi akawatazama, akamtazama Benigna, akaweka mikono kichwani.

"Nathanieli wangu," alisema, kisha sauti yake ikapanda ikavuka kibanja.

Benigna alitupa baiskeli chini akamkimbilia, lakini pumzi ilikuwa haijarudi, na maneno yaliyokatika katika kinywa chake yalifanana sana na kilio. Majirani wakaitikia. Wanawake wakatoka kwenye migomba wakilia kabla ya kujua wanamlilia nani. Mzee mmoja akafika na mzigo wa kuni begani kwa ajili ya moto wa matanga. Bibi alipoelewa hatimaye kwamba hakuna aliyekufa, ua ulikuwa umejaa. Mzee wa kuni akauliza kwa ukali, kama hakuna maiti, watu hawa wamefuata nini. Clavery, akiwa ameketi juu ya jiwe, akajibu kwamba kilichokufa ni miguu yao.



Ma Felicitas alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na hasira yake ilikuja pale machozi yalipokwisha. Alisema amemlilia mwanawe akiwa hai, jambo ambalo mama hapaswi kulifanya, na kwamba watu wa kutazamatazama wasipite tena katika kibanja chake. Benigna akainua baiskeli yake bila kubisha. Walipokuwa wakiteremka kwenda Izigo alimwambia Aristides kwamba asimhesabu tena mpaka bibi yake aseme vingine. Kufikia Jumatano habari ilikuwa imefika Maruku, na wale waliojiandikisha walianza kukumbuka shughuli walizokuwa nazo siku ya Sabasaba. Bila kijia kile hakukuwa na safari, na bila safari ile Aristides aliona wazi kwamba baiskeli zingerudi kubeba mikungu.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kamachumu kwa miguu, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi. Aliomba radhi kwa machozi yaliyomwagika. Bibi akapokea kibuyu, akamwonyesha kigoda, akarudi kugeuza kahawa mkekani. Kisha akamtaka aeleze, kwa maneno ya mtu mwenye akili, wanatafuta nini.

Aristides akaeleza. Hakupunguza kitu wala kujishusha. Alimwambia kwamba amepima nchi yote kati ya Maruku na Izigo kwa miguu yake, na kwamba mahali pazuri kuliko pote ni nyuma ya jiko lake yeye, Ma Felicitas, na kwamba watu hupita umri wao wote chini ya mizigo bila kuinua macho. Akaeleza jinsi alivyoupanga mwinuko ule makusudi, ili bonde liwe malipo.

"Waitu," alisema bibi, kwa heshima ya Kihaya, "mnapanda mkiwa mmeligeuzia mgongo hilo bonde?"

"Tunageuka tukifika."

"Mimi niko ukingoni hapa tangu niolewe. Anayepanda kutoka huko chini haoni kitu ila gurudumu lake. Macho yako yako kisogoni?"

Aristides akageuka akatazama nyuma ya jiko, kule kijia kinakotokea bondeni. Bibi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikatai watu kutazama. Lakini nikiwaona tena mnatoka huko chini kimya, nitalia. Nitajua ni ninyi, na bado nitalia. Siwezi kuuzuia moyo. Njooni kutoka juu, mkiwa na pumzi za kunisalimu tangu mbali. Hapo mtapita."

Ilikuwa kuigeuza safari nzima, mwanzo uwe mwisho. Jioni ile, akirejea, Aristides alipita kijia kile kuelekea bondeni badala ya kwenda Izigo, na alipofika pale kibanja kinapokatika, nchi ilifunguka mbele yake yote kwa pamoja: mto, mafunjo, kivuli cha mlima kikitambaa juu ya rweya. Akasimama hapo mpaka giza likamfukuza.

Kazi ya majuma yaliyobaki ilikuwa ya kupanga upya. Alipima barabara ya kupanda kutoka Izigo, ndefu lakini ya upole, akaweka mapumziko mawili, moja kwenye chemchemi na moja chini ya kivuli cha mibuni ya rafiki yake. Alikagua breki za kila mtu, na wale ambao breki zao zilimtia shaka aliwaagiza kushuka na kusukuma pale kijia kinapoinama. Aliwaagiza pia kuimba kuanzia kwenye kanisa lililo juu ya kibanja cha bibi, wanaojua na wasiojua. Benigna alipopata salamu za bibi yake alitia upepo magurudumu yake siku hiyo hiyo.

Siku ya Sabasaba walitoka Maruku na jua, wakafuata ziwa, wakawachukua walimu wa Izigo, wakapanda. Juu kabisa Clavery aliwekwa mbele kwa sababu ya sauti yake, iliyokuwa mbaya lakini kubwa. Wakaingia kibanjani wakiteremka, kengele zote zikilia, nyimbo mbili tofauti zikigombana, na Benigna akiita jina la bibi yake kutoka mbali sana.

Ma Felicitas alikuwa amesimama kando ya njia, kanga mpya mabegani. Aliwahesabu usoni mmoja mmoja walipopita, kisha akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akawagawia kwa mkono wake mwenyewe, kama wanavyopewa wageni wa heri. Walimu walisimama ukingoni na kahawa mashavuni, na kelele zao zikaisha zenyewe.

Bibi akamvuta Aristides kando. Akauliza baada ya hapa anawapeleka wapi watu hawa. Aristides akamwambia kwamba mwezi ujao anafikiria upande wa Muleba.

"Huko nina dada yangu," alisema bibi. "Nyumba yake iko njiani, na yeye ana watoto watatu walio mbali."

"Ukitoka Muleba, njia inapanda kwake au inateremka?"

Ma Felicitas akafikiri, akiipita njia ile kichwani.

"Inateremka. Mpaka mlangoni."

"Basi," alisema Aristides, "tutaanzia Muleba."