Grisi ya Papa Gamaliel

Papa Gamaliel alifanya kazi ya reli hapa Kamina miaka thelathini na miwili, akipaka grisi magurudumu ya mabehewa, na kustaafu hakukumtoa grisi mkononi. Kwake hakuna mlango unaolia. Baiskeli, bawaba za madirisha, cherehani ya mkewe, vyote vinang'aa. Ukikaa kwake muda mrefu unaanza kuhofu kwamba na wewe utapakwa.

Jumapili ndiye mpiga solo wa kwaya yetu ya Kimetodisti. Gitaa ni lake mwenyewe, la umeme, jekundu. Nusu ya ndoa za kanisa letu zimefungwa likilia, yangu ikiwemo.

Mwaka huu likaanza kuleta taabu. Katikati ya wimbo sauti inazama, inarudi, inakoroma. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amechoka, vidole havikandamizi tena nyuzi. Jessé, prezida wa kwaya, mtu anayependa vikao kuliko nyimbo, akamwambia wazi: sauti ikikatika tena Jumapili ijayo, nafasi anapewa Fils, kijana wa kule base, kwenye kambi ya jeshi. Nilikasirika mno. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba Papa Gamaliel hakubisha.

Jumamosi asubuhi akashuka kwenye pikipiki mlangoni kwangu, gitaa limeviringishwa kwenye kitenge. Mimi hufundisha fizikia, na siku zisizo za shule hutengeneza redio na ampli za mtaa mzima.

"Maman Éliane, angalia tu kidogo," akasema. "Lakini minyi najua, guitare iko muzuri. Mikono yangu njo imekufa. Kila siku naitia mu mayi ya moto na chumvi, bure tu. Hata bibi yangu sijamuambia."

Roho iliniuma. Nikalichukua gitaa, nikaliweka mezani.

Kwanza nilibadilisha waya unaokwenda kwenye ampli, maana mara nyingi ugonjwa uko hapo. Likakoroma vilevile. Nikachomoa kila kitu, nikafungua skrubu za kifuniko cha nyuma, nikitegemea kukuta waya umeachia. Wapi! Nyaya zote zilikuwa zimeshika vizuri, hata nilipozivuta kidogo kwa koleo. Ndipo nikagusa kitufe cha sauti, kile cha kuzungusha, kikateleza kwenye vidole vyangu. Nilipokitoa nikakuta ndani uji mweusi. Ilikuwa grisi, ile nzito ya mabehewa, imeshikana na vumbi la kiangazi. Hata tundu la kuchomekea waya lilikuwa limejaa.

"Papa, nani alitia hii?"

"Minyi!" akasema kwa fahari. "Kila mwezi. Na ikianza kukoroma, naongeza. Kitu ya kuzunguka, kama haina grisi inakufa."

Ndani ya kitufe kile kuna utepe mwembamba wa kaboni, na juu yake kunatambaa ulimi mdogo wa chuma. Umeme wa gitaa unapita pale ulimi unapogusa utepe. Ukiweka grisi na vumbi katikati, sauti haina pa kupita. Mzee alikuwa analiua gitaa lake kwa kulipenda. Nilifikiria hata kumsingizia panya, ili nisimwaibishe.

Nikaosha kwa alkoli ya famasi na mswaki laini, nikakizungusha kitufe mara nyingi hadi uchafu ukaisha, nikaosha na tundu, nikaacha vikauke juani. Kisha nikarudisha kila kitu na kumpa apige. Sauti ikatoka safi, haikukatika hata mara moja. Akaacha kupiga, akavitazama vidole vyake.

"Mikono haina shida, Papa," nikamwambia. "Ilikuwa ile grisi."

"Kumbe minyi njo niliharibisha?"

"Ndiyo, Papa."

Nilingoja hasira. Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini, machozi yakimtiririka mashavuni.

Jumapili alipiga nyimbo tatu, na hakuna hata noti moja iliyopotea. Jessé akashika maikrofoni, akatangaza kwamba Fils atasubiri, kisha akatuomba tumshukuru Mungu aliyeirudishia nguvu mikono ya mzee wetu. Watu wakapiga makofi. Papa Gamaliel angeweza kunyamaza, akaondoka na heshima yake yote. Badala yake akainuka na kuomba nafasi ya kutoa ushuhuda, jambo ambalo kanisani kwetu hakuna wa kumnyima mtu.

"Bandugu, hapana! Mikono haikugonjwa hata siku moya. Minyi mwenyewe, muntu ya reli, njo nilijaza grisi mu guitare!"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Nimeona watu wengi wakiungama makosa yao pale mbele, na karibu wote huangalia chini. Yeye alikuwa ameinyanyua mikono yote miwili, akigeuka huku na huku ili kila mtu aione.