Nilivyokata mishono ya bwawa la kiwanda cha ngozi, na ule mmoja ninaoukumbuka zaidi ulikuwa na sahihi yangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu. Leo nimeingia kuandika kwa sababu kuna mtu kwenye uzi mwingine alisema mainspekta wa Kenya kazi yao ni kunywa chai na kupiga mhuri.

Mimi nimekuwa inspekta. Chai nimekunywa, sikatai. Lakini haya nitakayosimulia nilikuwepo kwa miguu yangu miwili, na pale nilipoboronga nitasema niliboronga.

Mods, kama hapa si mahali pake, hamisheni tu.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa afisa mdogo kwenye ofisi moja ya mambo ya mazingira hapa town. Jina la ofisi tuliache. Nilikuwa bado niko probation, yaani kwenye majaribio ya kazi, na nilikuwa naishi na mama yangu mtaani Waithaka, kwenye nyumba ileile niliyokulia.

Juu kidogo ya kwetu kulikuwa kunajengwa kiwanda kipya cha ngozi. Kwa wale hawajui, kutengeneza ngozi kunatumia chrome, kemikali yenye sumu, na chumvi nyingi, na maji yanayotoka huko huwezi kumwagia hata nyasi. Lazima yakae kwenye bwawa lisilovuja kabla ya kusafishwa. Na huku chini ya mteremko, plot nyingi zilikuwa na visima, maana maji ya mfereji yalikuwa yanakuja siku yanayotaka yenyewe.

Bwawa likivuja, maji yale yanaingia kwenye visima vya majirani zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa stori yote, na karatasi ya kuruhusu bwawa litumike ilikuwa inangoja sahihi yangu.

Sasa, ofisini hakukuwa na mtu aliyewahi kukagua bwawa la aina hiyo. Nilitafuta kwenye kabati nikapata faili moja kuukuu, sijui aliileta nani, inaeleza jinsi ya kukagua ujenzi wa mabwawa ya taka za kinu cha uranium. Ya ng'ambo huko. Nikaisoma mwanzo hadi mwisho. Udongo wa chini ushindiliwe vipi, plastiki ilazwe vipi, ichomelewe vipi, ipimwe vipi. Nikajiambia bwawa halijui kama limewekewa uranium au chrome, kazi yake ni moja tu, kutovuja.

Wenzangu walicheka wakashika mbavu. "Kwani Waithaka kuna uranium siku hizi?" Nikabatizwa jina Madam Uranium, na hadi naondoka ile ofisi kuna watu hawakuwahi kujua jina langu la kweli ni Njoki.

Sikujali. Nilienda River Road nikatoa photocopy ya kurasa nilizohitaji, na nikiwa hukohuko nikanunua geji yangu ya presha ya hewa. Muuzaji aliniuliza naendesha lori la aina gani.

Niwaeleze hii kitu kidogo, msichoke.

Bwawa linatandikwa liner, ile plastiki nyeusi nzito. Inakuja kwa roll, kwa hivyo vipande vinalazwa ubavu kwa ubavu na kuchomelewa na mashine ya moto. Mashine inaacha mistari miwili ya kuchomelea, na katikati yake inabaki njia nyembamba ya hewa, kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho.

Kupima ni hivi. Unaziba ncha zote mbili, unadunga sindano yenye geji upande mmoja, unajaza hewa, unangoja dakika tano. Mshale wa geji ukishuka, mshono unavuja. Ukisimama, uko sawa.

Lakini kuna hatua ya mwisho. Unaenda ule upande wa pili, mbali na geji, unakata ncha. Hewa ikitoka kwa nguvu, unajua imepita mshono mzima. Isipotoka, kuna mahali njia imeziba, na wewe umepima nusu tu ukadhani umepima yote.

Fundi mkuu pale site aliitwa Mutuku, mtu wa Machakos, mzee kunishinda kwa miaka kama ishirini. Mikono yake ilikuwa inajua plastiki, hilo nampa. Alianza na kuziba pancha za magari na baiskeli, akaenda kwa matangi, akafika kwa liner.

Na hapo ndipo kosa lake lilipotokea, kosa la mtu wa pancha kabisa. Tyubu ina valvu moja. Unajazia hapo na unatolea hapohapo. Kwa hivyo Mutuku akimaliza kupima mshono alikuwa anachomoa sindano palepale alipodunga, fyuuu, anatabasamu, anaandika "PASS". Ule upande wa pili hakuwa anaugusa kamwe.

Ukaguzi wangu wa kwanza nilimuona akifanya hivyo. Hatua ya kukata nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nayo ndani ya bag, kwa photocopy.

Nikanyamaza.

Sina excuse. Nilikuwa msichana mmoja kati ya wanaume kumi na kitu, kazi inapendeza kwa macho, na kukata ncha maana yake ni kutoboa mshono mzuri halafu uutie kiraka. Niliona aibu. Nikasema mshale si umesimama, yatosha. Nikaweka sahihi yangu kwenye mishono yote ya upande wa chini, ule unaoangalia kwetu.

Wiki mbili nzima jambo hilo lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Jumatano. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Kadi za mwaliko zilishachapishwa, hema zimeshaletwa, na vijana wa kwetu karibu nusu ya mtaa walikuwa wameandikwa kazi waanze Jumatatu.

Mutuku alinipokea vizuri. Tukapima mshono mmoja, mshale ukasimama wima. Akainama kuchomoa sindano.

Nikamwambia angoje, aende upande wa pili akate.

Aliniangalia kama nimemtukania mama. "Madam, hii kazi imepita. Sasa unataka nikate kitu mzima?"

Nikamwambia ndiyo, na si huu tu, hata ile niliyosign mimi mwenyewe.

Alikata. Hewa ikatoka. Akasema, "Si umeona?" Wa pili ukatoka pia. Vijana wake wakaanza kucheka chinichini, na mimi jasho lilikuwa linanitoka hadi kwenye soksi. Nikaona kweli naharibu kazi ya watu kwa sababu ya faili ya uranium.

Wa tatu ulikuwa wa upande wa chini, pale kwenye kona ya mteremko. Tukadunga geji yangu ya River Road, tukajaza, tukangoja. Mshale haukutikisika.

Mutuku akakata ncha ya mbali.

Kimya.

Akakata kidogo zaidi. Akaweka kidole. Hakuna hata pumzi. Na huku juu, geji bado inaonyesha presha kamili.

Wakati huohuo mwenye kiwanda akawa ameingia. Nitamwita Bwana Githinji, alikuwa anatoka kwake Spring Valley, mtaa wa matajiri, kuja kuangalia mambo ya hema. Akatazama geji, akanitazama mimi. "Si mshale imesimama? Si hiyo ndiyo mnataka? Sasa shida iko wapi?"

Wakuu, hebu niwaambie, ni vigumu sana kumweleza mtu mwenye haraka kwamba mshale kusimama ndiyo shida yenyewe.

Sikubishana. Nilivua viatu nikashuka kwenye ule mteremko, nikawa naminya mshono kwa vidole hatua kwa hatua. Umejaa, umejaa, umejaa. Nikafika kwenye kona, ghafla chini ya vidole vyangu ukawa bapa. Mashine ilikuwa imekwama pale, plastiki ikayeyuka na kuziba njia. Kutoka hapo hadi mwisho hakuna hewa iliyowahi kupita. Kipande hicho hakuna aliyewahi kukipima.

Nikamwomba Mutuku azibe tena ile ncha aliyokata, kisha adunge sindano upande huo na ajaze hewa kutoka huko.

Mshale ulipanda, halafu ukaanza kushuka tukiutazama wote. Mutuku mwenyewe ndiye aliyemwaga maji ya sabuni. Mapovu yakatokea hatua chache chini ya kona, kwenye mpasuko usiozidi ukucha.

Ulikuwa mshono wangu. Kwenye karatasi kulikuwa na "PASS" ya Mutuku na sahihi yangu chini yake.

Bwana Githinji alimpigia bosi wangu palepale. Bosi wangu, Bwana Nzioki, alikuwa mtu wa maneno machache. Akaomba apewe mimi.

"Njoki, huo mshono ni nani alisign?"

"Ni mimi, sir."

Nikajua probation yangu imeisha vibaya. Halafu akasema, "Basi andika hivyo. Andika yote, hata hiyo ya kwako. Na bwawa lisiguswe."

Niliandika kwa mkono, nimeketi kwenye mfuko wa simiti. Niliandika kwamba ukaguzi wa kwanza niliupitisha bila kukata ncha, na kwamba ilikuwa makosa yangu. Nikamalizia kwa kuandika kwamba maji yasiingizwe hadi mishono yote ipimwe upya. 

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Akina mama wawili wa kanisani walikuwa wanatoka langoni kwetu na hawakunisalimia.

Mama akaniuliza, "Ati umefunga kiwanda?"

"Sijafunga, mami. Nimesema wangoje kidogo."

"Na hayo maji yangepita hapo yangeenda wapi?"

"Yangekuja huku chini. Kwa visima."

Mama alichukua mwiko akaendelea kusonga ugali. Baadaye kidogo akasema, "Basi hao waliotoka hapa wanyamaze." Na kipande cha nyama kilichokuwa chake niliona kimekuja kwenye sahani yangu.

Ufunguzi uliahirishwa. Asubuhi iliyofuata nilifika site nikijua Mutuku hataniongelesha, na kweli hakuniongelesha. Lakini nilimkuta na chaki mkononi. Alikuwa ametangulia, amezunguka bwawa zima na kuweka alama kwenye kila ncha ya mbali, zote, tayari kwa kukatwa.

Tulipima upya kila mshono. Tulipata mingine miwili imeziba, yote kwenye kona, mahali mashine inapogeuzwa. Pamoja na ule wa kwanza, iliondolewa ikachomelewa tena. Mutuku alikuwa hamwachii mtu mwingine kisu. Anakata mwenyewe, anasikiliza mwenyewe.

Mshono wa mwisho ulikuwa uleule wa kona ya chini. Tukajaza, tukangoja dakika zetu tano. Mutuku akashuka hadi kwenye ncha, akapiga magoti, akakata huku ameinamisha uso karibu kabisa.

Hewa ilimpiga hadi kofia ikaanguka.

"Madam! Imenipuliza!" Alikuwa anacheka kama mtoto. Vijana wakapiga makofi, na mimi nikageuka pembeni kidogo nijifute macho.

Nilijivunia, wakuu. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilijivunia mimi, nikamjivunia na yule mzee. Bwana Githinji mwenyewe alikuja kunipa mkono. Hakusema samahani, lakini aliomba photocopy ya zile kurasa za uranium.

Siku hiyo nilipoweka sahihi niliandika jina langu lote kwa kirefu, si zile herufi mbili za haraka. Na probation nilipita, kama mlikuwa mnajiuliza.

Vijana wa mtaa walianza kazi wiki tatu baadaye. Wale akina mama wa kanisani walirudi kunisalimia, mmoja wao akiwa wa kwanza kuniambia mwanawe anafanya kazi hapo.

Sasa, sababu nyingine ya kuandika leo.

Wiki jana nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa Mutuku. Siku hizi ana kampuni yake ndogo ya kutandika liner, anazunguka nchi nzima. Alikuwa amemaliza bwawa la mtu huko mbali, mkulima tu wa nyanya, maji safi ya mvua. Kazi isiyo na inspekta wala ofisi wala karatasi.

Akaniambia, "Madam Uranium, nimekata ncha zote. Hakuna mtu alikuwa ananiangalia."

Ni hiyo tu alitaka kuniambia. Tukacheka, akakata simu.

Nilichojifunza ni kwamba aibu yangu ya siku moja ilikaribia kuingia kwenye maji ya mtaa mzima, na kuiandika kwa mkono wangu kulinigharimu kidogo kuliko nilivyoogopa. Ukiona hatua ambayo kila mtu anairuka kwa sababu kazi inapendeza kwa macho, anza na hiyo.

Naomba kusikia kutoka kwenu. Mafundi wa umeme, manesi, mekanika, wahasibu, walimu, kila kazi ina ncha yake ya mbali ambayo hakuna anayependa kuikata. Ya kwako ni ipi, na mara ya mwisho uliikata lini?