Koko wa Mlango wa Pili

Juzi kazini niliagizwa kumhamisha bibi mmoja meza. Natunza wazee katika nyumba moja huko Gahanna, na miongoni mwa wazee wetu wamo mabibi wawili waliotoka nchi moja ya Ulaya, mmoja Mmasedonia, mwingine Mwalbania. Walikuwa wamekula pamoja wiki mbili nzima, wakionyeshana picha za wajukuu, mpaka yule Mmasedonia alipopata kujua mwenzake ni wa kabila gani. Siku hiyo aliisukuma sahani ya mwenzake hadi supu ikamwagika, akaapa kwamba hali tena na watu wale. Wote wawili wameishi Ohio tangu ujana wao. Msichana ninayeshika naye zamu, mzaliwa wa hapahapa, akaniuliza, hivi inawezekanaje watu wavuke bahari na chuki yao, waje kuilea huku ambako hakuna cha kugombania? Nilicheka, rafiki yangu. Nilicheka mpaka akaudhika. Halafu nikaingia chumba cha mashuka nikafunga mlango, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Koko.

Nilikuwa na miaka saba tulipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi. Sisi ni Wabembe, watu wa Kivu Kusini. Kambini tulikaa upande wetu na Wanyamulenge, wafugaji wa milima ileile ya kwetu, upande wao, kila watu na bomba lao la maji. Waliotupokea Louisville hawakuyajua hayo. Kwao sote tulikuwa Wakongo, basi. Wakatupa apatimenti ghorofa ya pili, na mlango uliotazamana na wetu wakampa mama mmoja mzee Mnyamulenge, pamoja na binti yake na mjukuu wa kike wa umri wangu. Mwezi wa kwanza watu wazima walisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Kisha theluji ikaanguka, na asubuhi hiyo yule mzee akatubishia hodi, kitenge amekifunga juu ya koti, anataka kujua kama na sisi tunaiona au ni macho yake. Tulitoka wote tukasimama ngazini tukishangaa. Tangu siku hiyo tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu, na milango miwili ikawa haifungwi mchana kutwa.

Mama yangu na mama wa yule mjukuu, aliyekuwa sasa rafiki yangu, walifanya kazi kiwanda kimoja cha kuku, zamu ya mchana, na baba alikuwa ghala la vifurushi. Kwa hiyo basi la shule likitushusha, mimi na mwenzangu tulikwenda moja kwa moja kwa Koko. Alikuwa keshatuwekea maziwa ya mgando, mazito, yenye harufu ya moshi. Maziwa alinunua dukani kama watu wote, lakini aliyahamishia kwenye kibuyu alichotoka nacho Kongo, na kila Jumamosi alikifukiza kibuyu hicho kwa majani makavu aliyookota nyuma ya nyumba. Kengele ya moshi ililia kila Jumamosi! Baba alikuwa akitoka mbio kwetu na taulo, akapanda juu ya kiti cha Koko na kuipepea mpaka inyamaze, naye Koko chini yake akiendelea na kazi. "Papa, hiyo kitu iko na wivu," alikuwa akisema. "Inatakaka maziwa." Baba alikuwa akicheka hadi kiti kinayumba.

Mama naye alikuwa na kinu. Akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, jirani wa chini aligonga dari lake kwa fagio, na Koko akamjibu kwa kugonga sakafu kwa kisigino. Samaki Koko hakula maisha yake yote, ni mila ya kwao, lakini mama akikaanga ndagala hakuondoka. Alijifunika pua kwa kitenge akasema, "Miye niko hapa, mapua njo imetoka inje." Nyuma ya jengo walilima pamoja tuta la lengalenga na maharagwe, na kazi yetu watoto ilikuwa kuokota mawe. Alipenda kutuambia kwamba maziwa hayaulizi tumbo la nani. Nilimwamini. Nilidhani kila mtu aliyesikia maneno yale alimwamini.

Nyumbani mimi nilikuwa karani. Barua yoyote ya Kiingereza ilipita kwangu, na simu ya baba ilikaa mkononi mwangu kuliko mkononi mwake, maana vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kubeba maboksi na kioo kilikuwa hakimtii. Ujumbe wa sauti kutoka Kongo ukifika, mimi ndiye niliyeufungua. Baba akitaka kujibu, mimi ndiye niliyebonyeza na kushikilia kitufe, yeye akainamia simu na kusema.

Jumamosi moja mchana, nikiwa na miaka kumi na mmoja, Koko alikuwa mezani kwetu akimsaidia mama kuchambua maharagwe. Simu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa baba mdogo, aliyebaki milimani. "Bon, weka odio," baba akasema. "Zidisha sauti." Nikazidisha. Baba mdogo alisema Kibembe, tena alikuwa analia. Kijiji kimechomwa. Mwanawe wa kwanza ameuawa akikimbilia mtoni. Halafu akasema ni nani waliofanya, akawataja Wanyamulenge wote, vikongwe na walio tumboni, akawaita majina ambayo sitayaandika hapa, akaomba Mungu asibakize hata mmoja.

Mama aliacha mikono ndani ya ungo. Koko alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinaendelea. Hakuna aliyeshtuka kwa ajili yake, kwa sababu sisi kwa sisi tulisema Kibembe mbele yake siku zote, kama mnavyosema mbele ya mtoto mchanga. Baba akanipa ishara nibonyeze. Nikabonyeza. Usimhukumu upesi, rafiki yangu. Ndugu yake alikuwa analia, na mtu aliyefiwa humwambii kwamba majirani zako ni wema. Baba akasema, kwa Kibembe vilevile, "Kweli, ndugu yangu. Watu hawa tunawajua. Hata huku tunaishi nao mlango kwa mlango, lakini ni kuchekeana meno tu. Moyoni hawamo." Akasema hivyo huku akimtazama Koko na kumtikisia kichwa kwa adabu, asije akajiona ametengwa kwenye mazungumzo. Nikaachia kitufe, maneno yakaenda.

Koko alimaliza maharagwe yaliyokuwa mbele yake. Akakung'uta kitenge, akasimama, akamgeukia baba. Akasema kwa Kibembe, Kibembe cha milimani kilichonyooka kuliko changu, "Poleni kwa mtoto wa ndugu yenu. Mungu ampokee."

Mama ndiye aliyemkimbilia mlangoni. Pale ngazini Koko akamweleza, bila hasira, kwamba utotoni kwao walipakana na kijiji cha Wabembe, maziwa yao yakienda kule na unga wa mahindi ukija huku, na kwamba mama mmoja wa kwetu alimlea miaka miwili mama yake alipougua. Kibembe alikijua kabla hajaota meno yote. Hakukificha. Hakuna aliyemwuliza. Kisha akaingia kwake, nasi tukasikia komeo. Miaka minne tulikuwa hatujawahi kulisikia mchana.

"Ule mama anasikiaka Kibembe," mama akasema. "Sasa tutafanya namna gani?"

"Mi ningesema nini?" baba akajibu. "Ndugu yangu analia."

Nilijificha bafuni na ile simu. Nilijaribu kuufuta ujumbe wa baba, lakini baba mdogo alikuwa keshausikiliza na keshaurusha kwa wengine. Aibu ya siku ile ninayo mpaka leo. Sauti ilikuwa ya baba, lakini kidole kilikuwa changu.

Baba alikwenda kubisha, na hilo nalisema kwa haki yake. Alikwenda kesho yake, na keshokutwa yake, na siku ya tatu. Kila mara binti wa Koko alifungua kidogo akasema mama amelala. Labda angekwenda na ya nne, sijui. Wiki hiyo zamu ya kulia ikawa yao. Kwenye simu zao zikafika picha za ng'ombe waliokatwakatwa na watu waliolala kando ya ng'ombe hao, na waliofanya hivyo, walisema, ni Wabembe. Nilimsikia binti wa Koko akilia usiku na mchana kupitia kuta mbili. Baba hakuvuka korido kumpa pole. Alisema akienda wataona ni kejeli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama gari lisilo na breki. Kwaya ya kanisa tulilosali pamoja iligawanyika, wao wakaanza kusali saa nane mchana na sisi saa nne asubuhi. Wanaume wawili walikabana mashati kwenye maegesho ya kanisa, polisi wakaja, na kupitia mkalimani wakauliza, nyinyi si wa nchi moja? Kwenye tuta letu la maharagwe mtu alipitisha kamba katikati. Yule mjukuu wa Koko alianza kusubiri basi upande wa pili wa barabara, ingawa basi halikusimama upande ule na ilimbidi avuke mbio kila asubuhi. Nikimwita kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, na baadaye hakunijibu kabisa. Kabla mwaka haujaisha wao walihamia Buffalo, sisi tukaja Columbus. Sikumwona Koko akiondoka. Nilikuwa shuleni.

Mwaka jana nikasikia kwa watu kwamba amefariki. Sikumwambia baba. Niliomba ruhusa kazini, nikaendesha kutoka hapa Whitehall, kando ya Columbus, hadi Buffalo, saa tano na ushee, nikiipanga njia nzima ile samahani nitakayomwambia binti yake. Ukumbi wa matanga ulijaa. Wanawake walinikaribisha vizuri mno, wakaniletea chai ya maziwa na sahani iliyojaa, kwa sababu aliyekuja kulia haulizwi kwanza. Wakaniuliza baadaye, kwa upole, nikiwa nimekwisha kula.

"We uko mutoto wa nani?"

Nikataja Louisville, nikataja mlango uliotazamana.

"Donc baba yako ni mutu wa wapi?"

Sikutaka kusema uongo mbele ya jeneza. Niliposema, viti vya pembeni yangu vilivutwa, kimoja kimoja, bila kelele. Kijana mmoja akasimama na kuuliza kwa sauti ni nani aliyenifungulia mlango. Ndipo mjukuu wa Koko, rafiki yangu wa zamani, akaja kunishika mkono. Nilimtambua kwa macho tu. Siku hizi ana kazi nzuri kule Amherst, jirani na Buffalo, na anavaa miwani. Alinitoa hadi kwenye gari langu. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba Koko angeniruhusu kukaa, hilo ana hakika nalo. "Lakini Koko hayupo," akasema, "na hawa waliobaki kila mmoja ana wafu wake. Na mimi ninao." Nikaanza ile samahani yangu. Akanikatiza, akasema nisije tena. Akangoja pale mpaka nikaondoka.

Jumapili iliyofuata nilimwambia baba. Amezeeka sasa, anaishi nami, anakaa dirishani na blanketi magotini. Nilimwambia, yule Koko wa Louisville amekufa. Niliona midomo yake inacheza, nikadhani sasa atasema neno ambalo amelibeba miaka yote hii. Nilisogea karibu nilisikie.

"Unaona," akasema. "Njo maana alijifunza luga yetu. Ilikuwa juu ya kutusikiliza."

Nilitaka kugombana naye. Nilitaka kumtaja yule mama Mbembe aliyemlea Koko, na miaka minne ya maziwa. Nikamtazama, nikaona ameamini hivyo kwa sababu mtu hawezi kuishi na kile kingine, kwamba Koko alitupenda, nikamwacha.

Nami usinione bora. Kuna duka letu la vyakula vya Afrika hapa Whitehall, na mara nyingine nawakuta humo wanawake wa Kinyamulenge wakiongea lugha yao na kucheka kwenye friji za maziwa. Zamani ningewaamkia. Siku hizi nasimama nyuma ya rafu, nimeshika mfuko wa unga, nimetega sikio nijue kama ni sisi wanaotusema. Nasimama hivyo mpaka walipe na kuondoka. Miaka minne nililelewa na Koko, nikala na kulala kwake, naye alikijua Kibembe chetu chote. Lugha yake mimi sielewi hata neno moja.