Picha ya Watu Watatu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kyimo watu hawakukubali kupigwa picha wakiwa watatu. Ilisemwa kwamba wa katikati ndiye atakayetangulia kufa. Wakijikuta watatu, mmoja alijitoa, au jirani aliitwa aongezee.

Nilikuwa na miaka minane mama aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali. Kansa ya titi ilikuwa imesambaa, madaktari hawakuwa na la kufanya tena. Baba alikwishafariki. Tulibaki na Bibi, mama yake mama, na mdogo wangu Asajile wa miaka minne.

Asubuhi moja ya ukungu alikuja mpiga picha kutoka Tukuyu mjini, mtu aliyewahi kuimba kwaya moja na mama. Alisukuma baiskeli kwenye tope, kamera ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Sikuleta matunda, dada," alimwambia mama. "Nimeleta hii. Upigwe na wanao, wabaki nayo."

"Ndaga fijo, kaka," mama alishukuru, akacheka. Kicheko chake tulikuwa tumeshakisahau.

Aliomba gauni lake la kitenge. Bibi alimvika, akalibana kwa pini mgongoni maana lilikuwa linampwaya sana. Tukamkalisha kwenye benchi nje, karibu na migomba. Mpiga picha akaniweka mimi katikati, mama huku, Asajile kule.

"Hapana!" Bibi alipiga kelele kutoka mlangoni. "Watatu hao! Mtoto yuko katikati!"

Niliruka kama niliyekanyaga siafu. Nikalia kwamba sikai pale, sitaki kufa. Mpiga picha akashusha kamera. Mama alinitazama, midomo imemkauka kwa uchovu.

"Njoo ukae pembeni, mwanangu," akasema. "Hapo nakaa mimi."

Alisogea mwenyewe, kwa kujivuta, ameshika ukingo wa benchi. Nami nikahamia pembeni upesi, nimefurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitesa baadaye.

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya picha ile. Picha ililetwa baada ya mazishi. Bibi aliitazama mara moja, akaitia sandukuni, na hatukuizungumzia tena.

Nilikua nikijua kwamba nilimpa mama kifo changu. Nilisoma nikijua hivyo, nikasomea uuguzi nikijua hivyo. Halafu nikiwa likizo, tunamenya ndizi jikoni, neno likanitoka tu.

"Bibi, mimi ndiye niliyemuua mama. Nilimwachia nafasi yangu."

Bibi akaweka kisu chini.

"Wewe? Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa palepale mlangoni. Ningeingia pichani, mngekuwa wanne, yakaisha. Nilishindwa, mjukuu wangu. Niliogopa kukaa pembeni ya mwanangu na kupigwa naye picha ya kuagana."

Nilimshika mkono, mkono wenye utomvu wa ndizi, tukakaa hivyo mpaka moto ukaanza kuzimika.

Bibi naye amekwishaondoka. Mimi sasa nawazungukia majumbani wagonjwa wasio na tiba tena, kuanzia Kyimo hadi Kiwira. Nikishasafisha vidonda na kuacha dawa za maumivu, nauliza kama wangependa picha ya pamoja. Nawapiga picha kwa simu yangu, nakwenda kuzichapisha mjini, nawapelekea bure. Zipo jioni narudi nimechoka kiasi kwamba sitaki kusikia hata salamu. Katika baadhi ya nyumba watu bado wanahesabiana kabla ya kukaa. Sibishani nao.

Mama alikufa kwa kansa. Nililijua hilo hata siku ile ya ndizi, na kulijua hakukunipunguzia kitu. Kilichonipunguzia ni kusikia kwamba Bibi naye, chumba cha pili, alikuwa hapati usingizi kwa jambo lilelile. Miaka yote ile tulipikiana, tukauguzana, kila mmoja akiamini kwamba ni yeye, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kwa hiyo nikimaliza kupiga siondoki haraka, hata kama miguu inaniuma. Karibu kila nyumba kuna mmoja aliyekataa kuingia kwenye picha. Namtafuta alipojificha, nakaa naye kidogo.