Kushika Kamba Kivukoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza masomo ya sekondari nilirudi kwetu Shinyanga kupumzika wiki mbili kabla ya kutafuta kazi ya ofisini, na wiki mbili hizo zilikuwa zimeingia mwaka wa nne siku ilipotokea habari hii. Si kwamba nilikaa bure. Nilikaa kivulini nyuma ya nyumba ya mama, nikisokota kamba za katani: za kufungia ng'ombe, za kutekea maji, za kukazia mizigo. Watu walikuja kuzichukua na kunitania. "Kiingereza chote kile," baba yangu mdogo alizoea kusema, "na ng'ombe hawaoni tofauti." Nilimjibu kwamba wanaiona, ila ni wanyama wasiopenda kusifia watu.

Dada yangu anayenifuata alikuwa ameolewa Geita, na mume wake alikuwa tanboi wa lori la pamba. Tanboi ndiye msaidizi wa dereva: hupanga magunia, hufunga kamba, hupanda juu ya mzigo, na gari likisimama mahali penye mteremko ni yeye anayeruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Msidhani alikuwa kijana mdogo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wawili, ndevu, na kitambi alichokuwa akikiita akiba. Kamba za lori lile nilimsokotea mimi. Alikuwa mteja wangu mkubwa, na mteja pekee aliyezikagua nyuzi moja moja kama daktari.

Habari ililetwa na dereva mwingine aliyekuwa akipita na mzigo wake. Alisimamisha lori barabarani, akaja mpaka uani akiwa ameshika kofia mkononi, nikajua si habari ya mnada. Alisema lori la shemeji yangu lilirudi nyuma likiwa linapandishwa kwenye pantoni, upande wa Geita, jana yake alfajiri, kukiwa na ukungu. Lilitumbukia lote, pamoja na pamba. Dereva aliruka, akavunjika mkono. Tanboi hakuonekana.

"Dada yako yuko kivukoni tangu jana," alisema. "Amesema ulete kamba ndefu."

Sikujua kama niliyeitwa ni mimi au kamba. Mama hakungoja nijue. Alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akanipakia juu ya lori la yule dereva pamoja na mafungu matatu ya kamba, na kabla sijapata udhuru hata mmoja tulikuwa tumeondoka.

Kwetu mbugani maji ni kitu cha kutafuta kwa jembe. Mkono wa ziwa unaovukwa na pantoni ile nilikuwa nimewahi kuuona mara moja tu, kwa mbali, na niliona inatosha. Sasa niliuvuka juu ya pantoni nimekaa katikati kabisa, nimezikumbatia kamba zangu, na mwanamke mmoja aliyekuwa na kuku aliniuliza kama kamba hizo zinanishikilia mimi au mimi ndiye ninayezishikilia.

Dada yangu alikuwa amekaa chini karibu na maji, pamoja na wanawake wa ukoo wa mumewe. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa kavu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Wanataka kuninyoa kesho alasiri."

Nilielewa. Mjane hunyolewa nywele, na akishanyolewa jambo limekwisha: kilio kimeanza, mtu amehesabiwa na wafu, na ndugu wa mume wanaanza kuzungumza habari za mji wake na watoto wake. Aliyetaka iwe hivyo ni kaka mkubwa wa shemeji, mtu mrefu mwenye koti la mvua wakati wa kiangazi. Hakuwa mtu mbaya. Watu wa msiba walikuwa wamekwisha kukusanyika, naye aliona aibu kuwaweka tu wakitazama maji.

"Mayu," alimwambia dada yangu kwa upole, akimwita mama kwa lugha ya kwetu, mbele yangu, "siku ya pili hii. Majini mtu hakai siku mbili."

"Sijakataa, baba," dada alijibu. "Nionesheni. Mkinionesha, nitaleta wembe mwenyewe. Ila kunyolewa kwa ajili ya lori, sinyolewi."

Walikubaliana kungoja mpaka kesho alasiri. Yote yaliyobaki yalikuwa juu ya wapiga mbizi.

Walikuwa watatu, wavuvi wa Kizinza, ndugu wa mama mmoja. Hakuna aliyewaita. Waliposikia mtu kapotelea kivukoni waliacha nyavu zao wakaja kwa mtumbwi, kama walivyofanya kila mara, na hawakupokea kitu. Hata chakula cha wenye msiba hawakukigusa. Walisema anayekula kwa watu hao kabla hajamtoa mtu wao atazama akiwa mzito. Walikula samaki wao wakavu, pembeni. Mkubwa wao alikuwa na upara unaong'aa na kifua kipana, na alipoona kamba zangu alizivuta, akazinusa, kisha akanitazama.

"Nani kasokota?"

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni nani wake aliyepotea?"

"Shemeji. Kaka wa mke."

Aligeuka kwa wadogo zake. "Huyu anafaa," alisema, wakacheka kidogo. Baadaye nilielezwa kwamba ndugu wa damu hashikishwi kamba hata siku moja, kwa sababu uchungu humfanya avute ovyo. Shemeji ni wa kadiri. Anataka mtu wake apatikane, lakini hana haraka ya kufa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpiga mbizi hufungwa kamba kiunoni, anakumbatia jiwe zito, anavuta pumzi tatu ndefu, kisha anashuka nalo. Chini huliachia jiwe na kupapasa, kwa kuwa haoni zaidi ya mkono wake. Akivuta kamba mara moja, maana yake mlegezee. Akivuta mara mbili, mvute haraka. Nilifundishwa mara mbili, nikarudia kwa mdomo, kama darasani. Nilikuwa stadi wa kurudia kwa mdomo.

Alasiri ile mkubwa alishuka pale walipokuwa wamelipata lori, kina cha pima nne hivi. Mimi nilikaa kwenye mtumbwi, ambao ulikuwa ukiyumba bila sababu. Kamba ilikimbia mikononi, ikatulia. Kisha ikavutwa mara moja.

Sasa, mtu aliyelelewa na ng'ombe ana mwili ambao haukwenda shule. Kamba ikivutwa, ng'ombe anataka kwenda shambani kwa mtu. Unakita visigino na kuvuta kwa nguvu zako zote. Ndivyo nilivyofanya. Nilikita visigino ndani ya mtumbwi nikamvuta yule mzee kutoka chini kama fahali anayekimbilia mtama. Mtumbwi uliinama, mdogo wake akanishika shati, na mzee akatokeza nyuma yetu akikohoa maji, amekasirika kwa namna ambayo sijaisahau.

"Nilisema nini?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mara moja, kulegeza."

"Na wewe?"

"Nilivuta, baba."

"Umesoma mpaka wapi?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa. "Basi wasikuongezee."

Wadogo zake walicheka mpaka mtumbwi ukayumba kwa sababu inayoeleweka. Mzee alikuwa bado ameshika kitu mkononi, kipande cha kamba ya kufungia mzigo ambacho alikuwa amekishika ili ajiongoze nilipomng'oa. Alikitupa ndani ya mtumbwi. Alisema alikuwa karibu kufika kwenye kichwa cha gari, na sasa lazima apumzike ndipo ashuke tena.

Nilikiokota kile kipande kwa aibu, ili nipate pa kutazama. Kilikuwa kamba yangu. Niliijua kwa msokoto wake, maana mimi husokota kwa mkono wa kushoto na nyuzi zangu hulala upande ambao za wengine hazilali. Nikatazama ncha.

Kamba ikikatika kwa uzito, nyuzi haziachii pamoja. Moja hutoka ndefu, nyingine fupi, na ncha inabaki kama ndevu za beberu. Ncha hii ilikuwa bapa. Nyuzi zote zilikuwa zimeishia mahali pamoja.

"Baba," nilimwambia mzee, "hii imekatwa kwa kisu."

"Labda na bati la gari."

"Bati hutafuna. Hii haikutafunwa."

Alikichukua, akakipitisha kwenye midomo kama anavyofanya mvuvi na uzi wa ndoana. Hakupumzika tena, alishuka, na safari hii nilikuwa nikilegeza kabla hajaniambia. Alipopanda alikaa kwanza, mikono juu ya magoti.

"Ndani ya kichwa hamna mtu," alisema. "Chini ya gari pia nimepapasa. Mzigo wa upande wa kulia umefunguka, magunia hayapo. Wa kushoto umebaki vilevile, umekazwa."

Nadhani wote wanne tulifikiri jambo lilelile. Watu wa kivukoni walikuwa wameona magunia mawili matatu yakielea ukunguni asubuhi ile, wakadhani yamechomoka yenyewe. Lakini mafundo ya shemeji yangu hayachomoki. Juu ya mzigo ule alikuwapo mtu mmoja tu mwenye kisu. Na gunia la pamba isiyochambuliwa haliingii maji upesi. Linabeba mtu saa nyingi, hata mwenye kitambi.

"Upepo ulikuwa wa wapi jana?" mzee aliuliza, ingawa alijua kuliko sisi.

Tulipofika ufukweni nilimwambia dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Una hakika au unanifariji?" Nilimwambia nina hakika na kamba, habari za mtu sizijui. Alisema hiyo inamtosha kwa leo. Yule kaka mkubwa mwenye koti alitikisa kichwa, lakini nilimwona akikiomba kile kipande, akakigeuzageuza, akakitia mfukoni.

Asubuhi tuliondoka mapema kufuata upepo, wale ndugu watatu na mimi. Nilijaribu kubaki. Mzee alisema shemeji ndiye atakayemtambua, na tena nikibaki ufukweni nitavuta nini. Tulipita kando ya mafunjo na visiwa vya mawe, tukiuliza kila tulipoona moshi. Saa nne hivi mdogo wao aliacha kupiga kasia, akanyoosha kidevu.

Juu ya jiwe moja kubwa, mbele ya vibanda vya wavuvi, pamba ilikuwa imeanikwa juani. Nyeupe, imetandazwa vizuri, imewekewa vijiwe pembeni isipeperuke. Mvuvi hana shughuli na pamba.

Wanaume waliokuwa pale walitusalimu vizuri mno. Mzee aliuliza pamba ya nani. Wakasema ya binamu yao, amekuja kutembea.

"Binamu yenu ana kitambi?" niliuliza.

Mmoja alitazama chini. Nyuma ya kibanda mtu alikohoa, na kikohozi kile nilikijua.

Alikuwa amekaa kwenye gogo, mguu umefungwa matambara, anashona wavu wa watu vibaya sana. Aliponiona hakusimama.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji. Habari za matembezi?"

Alianza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Mambo yakatoka yote. Alikuwa amelala juu ya pamba. Dereva alimwita aweke gogo, naye akaitikia usingizini bila kushuka. Gari likarudi. Alikata kamba, akaelea ukunguni, akaumia mguu kwenye mawe, na hawa watu wakamtoa. Halafu akasikia kwamba dereva hajulikani amefia wapi.

"Dereva hajafa," nilimwambia. "Amevunjika mkono. Anatukana vizuri tu."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Hata hivyo alisema haendi. Tajiri wa lori atamfunga. Afadhali watu waseme amekufa, baada ya mwaka mmoja au miwili atatuma salamu.

"Kwa nani?" niliuliza. "Leo alasiri mkeo ananyolewa. Ukituma salamu baada ya mwaka, atazipokea akiwa mke wa kaka yako."

Mkubwa wa wapiga mbizi, aliyekuwa amesimama kando ya kibanda, aliongea polepole. "Nimeshuka mara nyingi kutafuta watu," alisema. "Wengi wao ningefurahi kuwakuta wanashona nyavu. Lori tutalivuta kwa minyororo, litatoka. Utasema ulilala. Watu hulala."

Shemeji aliuweka wavu chini. Aliomba kwanza aikusanye pamba, maana si yake. Tulimsaidia kuijaza guniani, na ilikuwa karibu kukauka.

Alasiri tulipokaribia kivukoni watu walituona tuko watano mtumbwini badala ya wanne. Kelele zilianza kwa wanawake. Yule kaka mkubwa aliingia majini na koti lake mpaka magotini, akamshika mdogo wake kichwani kwa mikono miwili kama anayepima boga. Dada yangu alibaki amekaa. Mume wake alimwendea akichechemea, akasimama mbele yake.

"Umekula?" dada aliuliza.

"Samaki."

"Siku tatu unakula samaki." Ndipo akasimama.

Wapiga mbizi waliletewa ugali na nyama ya ule msiba ambao haukuwa msiba tena, na safari hii walinawa mikono. Mimi nilikula nao. Nyuma yetu dada yangu alikuwa ameanza kumsema mume wake: usingizi, gogo, watoto waliomlilia, pamba ya watu, tena usingizi. Hakupumzika hata kumeza mate. Mzee mwenye upara alitafuna polepole, sikio upande ule.

"Huyu," alisema, "pumzi anayo."

Dada aliendelea mpaka jua likashuka kwenye mafunjo. Shemeji alikuwa akiitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, mke wangu, kweli, na ilionekana wazi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetaka ugomvi ule uishe.