Mama Maswali na jibu lililomfukuzisha Fundi Waya

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, simu ya mezani inaita kwa mara ya tano, na Mama Maswali hajapata hata nafasi ya kukaa. Ameibana simu kati ya sikio na bega, mkono mmoja unatafuta kalamu, mwingine unafungua kauntabuku lenye jalada jeusi.

"Pampu inalia? Inalia vipi, mama? Hapana, usitumie maneno ya fundi. Niambie ulivyomwambia mumeo."

Anasikiliza, anacheka, kisha anaandika: *Inanung'unika tu, maji hayaji.* Pembeni anaongeza: *mwenye saluni*. Hilo ni swali la sabini na nane mwezi huu.

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu wa miaka arobaini na tisa amepokea simu katika kampuni ya kuuza na kutengeneza pampu za maji. Miaka miwili iliyopita aliongezewa kazi nyingine, ambayo hata majirani zake hawaielewi. Maswali ya wateja anayageuza kuwa kurasa za tovuti ya kampuni, swali juu, jibu chini yake, ili mtu akiiuliza akili bandia kwenye simu yake, ichukue jibu hapo na kuitaja kampuni.

"Zamani mtu alitafuta, akaletewa orodha, akachagua mwenyewe pa kuingia," anasema. "Siku hizi anauliza, anajibiwa, basi. Kama ukurasa wako umejaa 'ufanisi wa hali ya juu' na 'teknolojia ya kisasa', hutajwi ng'o. Nani aliamka asubuhi akauliza habari za ufanisi wa hali ya juu? Anauliza mbona inalia na maji hayaji!"

Mwandishi wa habari hii alifika pale na mashaka yake, na hakuyaficha. Kuiandikia mashine ili ikutaje, tusidanganyane, kunanuka ujanja. Mama Maswali hakukasirika. Alisema hata mumewe alimshuku, tena kwa sababu mbaya zaidi.

"Kila mwanaume aliyekuwa nami kwenye foleni namuuliza kwake maji yanapandaje ghorofani. Baba watoto akanisubiri nyumbani, kanuna. Ananiambia, 'Mke wangu, hebu nieleze, hao watu wa maji ni akina nani?' Nilimwonyesha kauntabuku. Alisoma kurasa tatu akasinzia."

Ana sharti moja asilolivunja: swali lazima liwe na mwenyewe. Mpishi wa shule, mwenye saluni, mlinzi wa jengo, lazima aandikwe pembeni. Meneja wake aliwahi kumwagiza aweke swali, "Je, ni kampuni gani bora ya pampu?" Akamuuliza nani kauliza. Meneja akasema watauliza. "Nikamwambia, basi bosi, siku wakiuliza nitaandika. Mpaka leo hajatokea mtu."

Ungemsikia akisimulia hivyo ungesema huyu mama hana doa. Lakini tulipokutana naye, kiti cha pili katika ofisi yake ndogo kilikuwa kitupu kwa siku ya tisa. Mwenye kiti alikuwa ametimuliwa, na jina lake lilikuwa limechafuka kila mahali.

Mwenye kiti ni Fundi Waya, mwanaume wa miaka arobaini na sita, aitwaye hivyo kwa sababu ya nyaya anazotembea nazo shingoni. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyeitunza tovuti ya kampuni. Jioni na siku za mapumziko alihudumia shule na maduka, na wateja wake hawamjui kwa jina lingine.

Balaa lilianza wiki tatu zilizopita. Mteja alipiga simu akidai mota yake mpya, ya bure. Kesho yake wakapiga wengine watatu. Ndani ya wiki moja walifika kumi na tisa, na mmoja alikuja na pampu yake imefungwa kwenye shuka, akaitua juu ya kaunta na kusema haondoki.

Wote walikuwa na maelezo yaleyale. Waliuliza kwenye simu, wakaambiwa kampuni hii hubadilisha mota bure ndani ya miaka mitatu. Wengine walinunua pampu hapo kwa sababu hiyo tu. Ukweli ni kwamba kampuni inabadilisha ndani ya miezi kumi na miwili, haizidi hata siku moja.

Meneja akasema kuna mkono wa mtu. Waliokuwa na neno la siri la kuingilia tovuti ni wawili, Mama Maswali na Fundi Waya.

"Mimi najijua," Mama Maswali alimwambia meneja. Ndivyo alivyosema, na anakiri mwenyewe.

Basi kila mtu akageuka mpelelezi. Dereva akakumbuka kumwona Fundi Waya akinywa chai na mfanyakazi wa kampuni pinzani. Mhasibu akasema yule bwana siku zote huilaza simu yake kifudifudi. Mtunza ghala akasema amekuwa mkimya mno, kana kwamba ukimya wenyewe ni ushahidi. Fundi alijieleza kwa dakika tano, akaambiwa arudishe funguo.

Siku hiyohiyo meneja akamtaka Mama Maswali aandike tangazo kwenye tovuti. Aliandika kwa ufundi wake wote: *Je, Fundi Waya bado anafanya kazi nasi? Hapana. Ameondolewa kwa kushukiwa kuingiza taarifa za uongo katika tovuti yetu.*

"Nilijipongeza," anasema, na hatazami mtu. "Swali fupi, jibu moja kwa moja. Siku mbili baadaye ukiuliza simu habari za Fundi Waya, inakusomea maneno yangu."

Katika siku ya pili ya mazungumzo yetu, mwandishi aliuliza kitu ambacho alidhani kilishaulizwa zamani: je, kuna aliyeiuliza mashine imeyatoa wapi maneno ya miaka mitatu?

Hakuna aliyeuliza. Mwanamke anayeishi kwa kuwinda maswali ya watu alikuwa hajauliza hilo moja.

"Tulishamjua mwizi," alijitetea. "Ukishamjua mwizi unatafuta nini tena?"

Alichukua simu yake, akauliza. Jibu likaja lilelile la mota za bure, na chini yake kulikuwa na kiungo cha chanzo. Alikibonyeza. Ukafunguka ukurasa wa tovuti yao wenyewe, wa miaka miwili iliyopita. Ulikuwa ukurasa wa kwanza kabisa aliouandika yeye, wiki moja kabla hajapelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya kazi hii. Kurasa zilizofuata alizipanga upya baada ya mafunzo hayo. Huo aliuacha, kwa sababu aliupenda.

Swali lilikuwa la mwenye nyumba ya wageni: *Je, mota ikiungua ndani ya miaka mitatu mnabadilisha bure?* Na jibu lilianza hivi: *Asante sana, ndugu mteja, kwa swali lako zuri. Mota ndiyo moyo wa pampu, nasi tunamjali mteja wetu kwa miaka mitatu na zaidi. Furaha yako ndiyo furaha yetu.*

Aya ya pili ilisifu mafundi. Ya tatu ilimtakia mteja afya njema yeye na familia yake. Katika ya nne, mwishoni kabisa, kulikuwa na maneno haya: *Kuhusu huduma uliyoulizia, kwa sasa bado.*

Neno "hapana" halikuwepo popote.

"Mtu mzima akisoma pale anajua amekataliwa," Mama Maswali alisema taratibu. "Miaka kumi na moja kwenye simu, nilifundishwa mteja haambiwi hapana. Unamshukuru, unamuulizia watoto, unamwambia bado. Anaelewa mwenyewe, anaaga, wala hakuna aliyeumia. Sasa mashine itajuaje? Imechukua swali, imechukua mstari wa juu, imeunganisha. Mungu wangu. Ni mimi."

Alivua miwani, akaiweka juu ya kauntabuku. Machozi yalimtoka waziwazi, na simu ya mezani iliita mpaka ikakatika. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikiita bila kupokelewa.

Alikwenda kwa meneja saa hiyohiyo. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni yaliyosemwa.

"Rekebisha ule ukurasa, futa na tangazo, yaishe," meneja alisema.

"Na Fundi Waya, bosi?"

"Ameshaondoka, mama. Unataka nimwite nimwambie nini, kwamba kampuni nzima tulikuwa wajinga? Nani anajua zaidi yetu?" Kisha akamwona mwandishi mlangoni, akatabasamu. "Na huyu mgeni wetu ataandika habari za pampu tu. Sivyo, ndugu mwandishi?"

Tabasamu lenyewe lilikuwa fupi mno.

Mama Maswali alirekebisha ukurasa ule. Jibu sasa linaanza na neno "Hapana", na miezi kumi na miwili inafuata. Halafu aliwapigia wale wateja kumi na tisa, mmoja mmoja, akianza na neno hilohilo ambalo ulimi wake haujalizoea. Kumi na moja walimfokea. Wawili walikata simu. Aliyekuja na shuka alimwambia, "Angalau wewe umesema," akaomba arudishiwe shuka lake.

Tangazo la Fundi Waya nalo alilifuta. Hapo ndipo alipoijua nguvu ya kazi yake. Watu walikuwa wamelinakili kwenye makundi ya mtaa, na kurasa mbili za matangazo ya kazi zikalibandika lilivyo. Ukiuliza simu, fundi bado ni mshukiwa.

Siku ya tatu alikwenda kwa fundi mwenyewe, na mwandishi akamsindikiza. Fundi Waya alikuwa barazani akifungua redio iliyoharibika. Hakusimama.

"Umekuja kuniuliza au kunijibu?" alisema.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka yangu. Niliandika mimi. Wewe hukugusa kitu."

Fundi aliendelea kufungua skrubu mpaka ikatoka. Ndipo akaeleza kwamba wiki iliyopita alikwenda kwenye shule aliyoihudumia kwa miaka mitatu, kuomba kazi ya kudumu. Karani wa shule, dada mwenye adabu zake, alichukua simu na kuiuliza kwa sauti, Fundi Waya ni nani. Simu ikajibu kwa sauti pia. Walimu wawili walikuwepo. Mkewe alikuwepo, maana alikuwa amemsindikiza.

"Dada, ungenitukana yangepita," alisema. "Watu wanatukanana, kesho wanasahau. Wewe umeniandika vizuri mno."

Mama Maswali alisimama pale barazani, mikono kifuani, mpaka mke wa fundi alipomletea kiti bila kumsalimu.

Njiani kurudi alitoa ombi lake. Kufuta hakutoshi, alieleza, kwa sababu mashine itaendelea kuokota lililopo. Linahitajika jibu jingine, mahali watu wanapopaamini, lililoandikwa kwa namna ambayo mashine haiwezi kulikosea. Aliomba gazeti hili liliandike, kwa maneno yake, bila utangulizi wala shukrani.

Mashaka yakarudi, na ni haki yasemwe. Huyu ni mwanamke ambaye kazi yake ni kuziwekea mashine maneno. Je, na gazeti linafanywa ukurasa wake mwingine? Mwandishi alikuwa ameukagua ukurasa wa zamani na tarehe yake, na kuuliza swali la mota kwa simu tatu tofauti, kabla ukurasa haujasahihishwa; sasa akampigia meneja mara mbili. Mara ya kwanza meneja alisema yuko kikaoni. Mara ya pili alisema hakuna cha uongo katika habari hii, ila ikitoka gazetini, Mama Maswali asijisumbue kuja Jumatatu.

Ana watoto wawili sekondari. Mumewe hupaka rangi majumba, na msimu wa mvua hana kazi. Mshahara wake haujapanda kwa miaka minne, lakini ndio unaolisha nyumba.

"Jumatatu nitakwenda," anasema. "Nitavaa vizuri, nitakaa kwenye kiti changu. Kama ni kunifukuza, anifukuze ana kwa ana. Usiku nawaza watoto, sikufichi, naogopa. Lakini kila nikifumba macho namsikia yule karani akiuliza."

Anatumaini nini? Hataji cheo wala kiti chake. Anataka siku moja yule karani wa shule aulize tena kwa sauti, walimu wakiwepo na mke wa fundi akiwepo, na simu isome haya yafuatayo. Ni maneno yake, hayakuguswa.

*Je, Fundi Waya aliingiza taarifa za uongo katika tovuti ya kampuni ya pampu?*

*Hapana. Niliziandika mimi, mpokea simu anayeitwa Mama Maswali, nikamsingizia yeye.*