Nailoni ya smart board ilivyotaka kuninyima kuthibitishwa kazini

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hili limenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Hata ningetaka kuongeza nisingejua pa kuiweka, maana mambo yalikuja yameshakolea. Jina la shule sitaji, kazi bado naihitaji.

Mimi ni mwalimu wa Biology, kijana wa Kihesa, Iringa. Ajira zilipotoka nikapangiwa sekondari moja huku Chunya, si mbali na Makongolosi. Kwa wasiopajua, huku ni kwenye dhahabu. Vumbi, pikipiki, na kila mtu ana mjomba mwenye shimo.

Siku ya kuripoti nikapewa fomu ya kujaza. Kuna sehemu imeandikwa "ujuzi mwingine". Nikaandika "computer".

Naomba mnielewe. Chuo tulisoma computer kweli, semester nzima. Ila mashine moja tulikuwa watu kumi na kitu, na mimi nilikuwa nakaa nyuma nawashikia wenzangu mabegi. Matokeo yakatoka nimefaulu. Sasa mlitaka nijaze nini, kushika mabegi?

Headmaster akaisoma fomu yangu taratibu, akatabasamu. Kumbe shule ilipewa smart board na wafadhili, ule ubao wa kielektroniki unaouendesha kwa kugusa kidole, ina miezi nane haijaguswa kwa kukosa mtaalamu. Kabla sijajua hata choo cha walimu kiko wapi, nilikuwa mwalimu wa TEHAMA.

Nikapelekwa kuiona. Imefungwa ukutani kwenye chumba chenye kufuli mbili, na bado iko ndani ya nailoni yake ya kiwandani. Juu ya nailoni kuna kitambaa cha kufuma chenye maua, mke wa headmaster ndiye alikifuma. Yaani mashine ilikuwa inaonekana kama mwali.

Nikauliza nailoni itatoka lini. Nikajibiwa itatolewa na mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Na uzinduzi lini? Mgeni rasmi akipata nafasi.

Hapa niwe mkweli, mimi nilifurahi. Nilitaka huyo mgeni rasmi asipate nafasi mpaka nistaafu. Nailoni ile ilikuwa inanisitiri. Mtu akiuliza mbona hufundishi na ile board, namjibu bado haijazinduliwa, tunaachana kwa heshima.

Mambo yakaenda hivyo mpaka headmaster akaniita ofisini kwake. Akasema wadhibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wanakuja baada ya wiki tatu, na mimi nitafundisha mbele yao kwa smart board ili waone shule inakwenda na wakati. Halafu akagonga kidole kwenye karatasi iliyokuwa mezani.

"Hii ni fomu yako ya kuthibitishwa kazini. Nitaijaza wageni wakishaondoka."

Kwa wasio watumishi wa umma, mwaka wa kwanza uko kwenye majaribio. Usipothibitishwa, kila mtu kijijini kwenu anajua una kazi, isipokuwa kazi yenyewe. Mama yangu alishawatangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe ni mtumishi.

Jioni ile nikaomba funguo, nikajifungia nayo. Nikafunua kitambaa, nikaunganisha laptop yangu, picha ikaonekana kwa nyuma ya nailoni, ukungu ukungu. Nikagusa upande wa kulia, mshale ukaenda kushoto. Nikagusa juu, haukutokea kabisa. Nikagusa tena ukafungua kalenda. Nikajua tayari nimeiua mali ya serikali.

Wakuu, nilikaa kwenye dawati la Form Two nikaona kabisa narudi Kihesa kuuza viazi.

Midterm ilipofika nikapanda basi hadi Iringa. Sikwenda kwa mama, nilikwenda kwa shangazi. Shangazi yangu ana miaka hamsini na nane, alikuwa karani wa kupiga taipu, na sasa ndiye anayeendesha projekta usharikani kwao. Nyimbo za ibada anarusha yeye ukutani. Wazee waliosahau miwani wanamtegemea, na kwaya inamwogopa kuliko mwalimu wao.

Nikamsalimia, akaniuliza mbona nimekonda. Nikamweleza yote, mpaka habari ya mabegi. Hakunicheka, nadhani alijizuia.

Jumamosi akanichukua wakati kwaya inafanya mazoezi. Alinifanya nichomeke waya, nitoe, nichomeke tena, mara sijui ngapi. Nikikosea anazima kila kitu ananiambia anza. Kila nilipotaka kumwita anisaidie, alikuwa amegeuka anaongea na wale mama wa sauti ya pili. Kufika saa kumi nilikuwa narusha ubeti baada ya ubeti kutoka kwenye laptop yangu.

Mkishashika waya wenyewe mkaona hauumi, uoga unapungua wenyewe. Hili hawakutufundisha chuo.

Tukiwa tunakunja nyaya nikamwambia tatizo lililobaki, kwamba ile board ya shuleni ikiguswa inakwenda inakotaka.

"Umetoa nailoni?"

Nikamwambia hairuhusiwi, inamsubiri mgeni rasmi. Shangazi akaacha kukunja waya.

"Sasa mwanangu, unaogopa mashine au unaogopa mtu?"

Njia nzima kurudi Mbeya mpaka Chunya nilikuwa nalo hilo swali kichwani.

Nilipofika nikaenda kwa headmaster kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba kwenye fremu kuna vitu vinavyohisi kidole, na nailoni imevifunika. Akanisikiliza vizuri. Akasema utepe umeshanunuliwa, mkasi upo, na risala imeshachapwa yenye maneno "kuondoa nailoni". Kwa hiyo nifundishe hivyo hivyo, nijitahidi.

Nijitahidi nini sasa? Kidole kijitahidi?

Siku ikafika. Form Two B wamejaa, mada ni moyo na mzunguko wa damu. Nyuma wamekaa wadhibiti ubora wawili, mama mmoja mwenye faili kubwa na kaka mmoja anayeangalia saa. Headmaster kasimama mlangoni amevaa suti. Kile kitambaa cha maua kimefuliwa kinanukia.

Nikakiondoa, nikawasha. Kitu cha kwanza kutokea kwenye board ni ubeti wa tatu wa wimbo niliofanyia mazoezi kwa shangazi. Darasa zima likasimama, likidhani tunaanza kwa sala. Yule mama wa faili naye akasimama. Nikawaombea baraka fupi, tukakaa. Mpaka leo sijui aliandika nini pale.

Nikafungua picha ya moyo. Nikagusa pa kuanzishia, mshale ukakimbilia kwenye kona. Nikagusa tena. Watoto wakaanza kunong'ona, kaka akaangalia saa. Nikageuka, nikaona headmaster ananiangalia kwa jicho la kusema usithubutu.

Nilikuwa nimemwogopa yule mzee kwa miezi. Pale mbele nikaona kwamba nikiendelea kumwogopa nakosa kazi, nikiacha kumwogopa huenda nikakosa vilevile, ila wale watoto watakuwa wameona moyo. Nikashika kona ya nailoni nikavuta.

Wakuu, nailoni iliyokaa miezi yote ile ina kelele. Ilitoka vipande vipande, mimi navuta tu. Kisha nikagusa kidole kimoja, na moyo ukaanza kudunda ukutani, mkubwa kuliko mtoto yeyote mle ndani. Damu inaingia huku, inatokea kule.

Binti mmoja wa mbele akaweka mkono kifuani kwake akawa anasikilizia. Mwingine akaiga, mwisho darasa zima limeshika vifua. Nilitaka kulia, sisemi uongo.

Wadhibiti wakatusifu. Mama wa faili akampongeza headmaster kwa uongozi wenye maono, naye akapokea pongezi zote bila kubakiza. Wageni walipoondoka nikakabidhiwa barua. Nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuondoa nailoni ya mali ya umma kabla ya uzinduzi.

Nikajieleza ukurasa mmoja. Sikujibiwa. Fomu yangu ikabaki mezani, kila nikiingia ofisini naiona iko tupu. Lakini kwa vile nailoni haipo tena, board ikawa inatumika kila siku. Nikaanza kuwaelekeza walimu wenzangu. Mwalimu wa Geography, mzee wa chaki miaka yote, siku hizi ukimkatisha akiwa na ramani zake anakununia.

Miezi miwili baadaye mgeni rasmi akapata nafasi.

Headmaster akaniita, safari hii kwa sauti ya upole. Akasema kuna changamoto moja. Mgeni anakuja kuondoa nailoni, na nailoni hakuna.

Nikatumwa Makongolosi, duka la magodoro, kuomba nailoni safi. Nikaifunga smart board kwa mikono yangu mwenyewe, nikabana kwa gundi, headmaster pembeni ananielekeza pasikunjike. Kitambaa cha maua kikarudi juu.

Kesho yake mgeni akakata utepe, akavuta nailoni, akapiga picha. Risala ikasomwa kwamba leo kwa mara ya kwanza wanafunzi wetu wanaona teknolojia. Form Two B wakapiga makofi kuliko wote, na nyuso zao kavu kabisa.

Wiki ile ile fomu yangu ikajazwa. Kwenye sehemu ya maoni imeandikwa: "Mtumishi ni mwaminifu na ametunza vizuri kifaa hadi siku ya uzinduzi."

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mashine unaizoea ukiishika, na wala haina kinyongo. Kwa binadamu sina ushauri.

Walimu wenzangu mliomo humu, kwenu kuna nini bado kiko kwenye nailoni? Tiririkeni, nasoma comment zote. Ila mkinipongeza kwa kuthibitishwa mjue kabisa mnachonipongezea. Nilipoifungua nilipewa barua ya kujieleza, nilipoifunga nikapewa kazi.